Mwokozi Aliyefufuka Kabla ya Kufa

Mimi sijawahi kuharibu kitabu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijipigia kifua, na nilikuwa na haki ya kujipigia. Miaka thelathini na mmoja nashona vitabu kwa mkono. Nimeshona vitabu vya nyimbo, madaftari ya mahakama, vitabu vya watoto wanaovitafuna pembeni, na hakuna hata kimoja kilichorudi mezani kwangu kimeachia uzi. Kiwandani wananiita Mama Uzi. Mwanzoni sikulipenda jina hilo, lakini ukipewa jina kwa sababu ya kazi yako nzuri unalimeza tu, maisha yanaendelea. Kwa hiyo siku shemeji yangu aliponiletea kitabu chake nikamwambia bila kupepesa, "Umefika pazuri. Hiki utazeeka nacho."

Shemeji huyu ni mume wa marehemu mdogo wangu. Anafundisha jiografia katika shule ya kanisa, miaka kumi na sita sasa, na ni mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayesema samahani. Nimemgombeza sana kwa upole wake huo na wala haambiliki. Basi mtu huyo huyo, na upole wake wote, akaandika kitabu chenye joka.

Hadithi yenyewe niliijua kabla haijawa kitabu. Mdogo wangu alipolala kitandani miezi ile ya mwisho, mumewe alikuwa akimsimulia kila siku akitoka shule, kipande kwa kipande, na mimi nikiwa pale pale nakunja nguo na kujifanya sisikilizi. Kuna nchi haina jua kwa sababu joka limelimeza. Kuna kijana mbeba maji, hana mbele wala nyuma, na wazee wakatabiri kwamba ndiye atakayelirudisha jua. Ana marafiki kumi na wawili. Anamegeana nao mkate. Mmoja wao anamuuza kwa joka, na kijana wa watu anatupwa kisimani akiwa hai, anakufa humo. Mimi kanisani hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango, lakini hata mimi nilijua hapo tunamzungumzia nani. Shemeji alipofika kwenye kisima akanyamaza, akasema tutaendelea kesho. Mdogo wangu akamshika shati. "Hakuna cha kesho. Mfufue sasa hivi, nisikie." Akamfufua. Kijana akatoka kisimani asubuhi ya tatu, jua mkononi. Mdogo wangu akacheka, akalala. Wiki ile ile tukamzika.

Sasa nieleze kidogo kazi yetu, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyovuruga mambo. Karatasi kubwa ikishapigwa chapa, inakunjwa na kukunjwa tena mpaka inakuwa kama kijitabu chembamba cha kurasa kumi na sita. Hicho tunakiita mkunjo. Kitabu cha shemeji kilikuwa na mikunjo kumi na mitano. Mimi naipanga kwa mafungu kumi na matano kuizunguka meza ndefu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Halafu natembea kuizunguka meza, kila fungu naokota mkunjo mmoja, na nikimaliza mzunguko nina kitabu kizima mkononi, tayari kwa sindano. Nakala mia tatu ni mizunguko mia tatu. Fungu moja likikaa pasipo pake, hujaharibu kitabu kimoja tu. Unaharibu vyote.

Kwa kawaida namba za kurasa zingekufumbua macho. Lakini shemeji, mpole yule, safari hii alikataa katakata. "Hakuna namba za kurasa," akasema. "Wala namba za sura."

"Kwa nini? Msomaji aweke kidole wapi?"

"Katika nchi isiyo na jua hakuna anayejua leo ni siku ya ngapi. Na msomaji asijue."

"Shemeji, huo ni wazimu."

"Najua," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuomba samahani.

Basi namba pekee zilizobaki zilikuwa zile zetu sisi mafundi, ambazo mpiga chapa huziweka ndani kabisa, pale karatasi inapokunjwa, ndogo kuliko mdudu chungu. Kitabu kikishashonwa hazionekani tena. Mpiga chapa wetu anaitwa Wino, mzee mwenzangu, vidole vyake havijawahi kuwa safi tangu nimjue. Siku ya kupanga mafungu akaja mezani kwangu. "Nikusomee namba?"

"Nisomee mashairi," nikamjibu. "Toka hapa."

Akaondoka anacheka. Nikapanga mwenyewe, nikatembea mizunguko yangu mia tatu, nikashona, nikapiga gundi, nikavalisha majalada. Vidole vyangu havina haja ya macho, sindano inaingia pale pale ninapotaka. Kazi ilikuwa safi. Hata leo nasema ilikuwa safi.

Shemeji alikuja kuchukua nakala ya kwanza nikiwa natunga uzi kwenye sindano. Alikigeuza kitabu, akakinusa, akakipapasa mgongo. Halafu akafungua mwishoni na kusoma. Nikamsikia anageuza kurasa kurudi nyuma, anageuza tena kwenda mbele. Alipoinua uso alinitazama mimi, kisha akatazama uzi wangu uliokuwa unagoma kuingia tunduni. "Kazi nzuri sana, shemeji," akasema. "Asante." Sauti ilikuwa imemkauka. Nikadhani anamkumbuka mke wake, na mimi nikapata la kufanya upande wa pili wa chumba, ili asinione.

Hazikupita wiki sita Wino akaniletea habari. "Shemeji yako ameitwa na bodi ya shule."

"Kwa lipi?"

"Wanasema mwokozi wake ni kufuru."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yule? Kufuru? Mtu anayeshukuru hata akimwagiwa maji? Lakini Wino hakucheka. Kitabu kilikuwa kimeingia maktaba ya shule, watoto wamekisoma, wazazi wamekisoma baada yao, na maneno yamepanda mpaka kwa Mchungaji ambaye ni mjumbe wa bodi. Jumamosi kutakuwa na mdahalo wa wazi ukumbini. Ukiisha, bodi itapiga kura pale pale. Wakisema ni kufuru, shemeji hana kazi. Na asipokuwa na kazi hana nyumba, maana anakaa nyumba ya shule, nyumba ile ile aliyofia mdogo wangu, na kanga zake bado ziko kabatini kama alivyozikunja mwenyewe.

Ijumaa nikaenda kwake. Nikamkuta anasahihisha mitihani, kalamu nyekundu sikioni.

"Umejiandaa?" nikamuuliza. "Utawaambia nini?"

"Sina la kuwaambia."

"Huna la kuwaambia! Watu wanataka kukuvua kazi, wewe huna la kuwaambia?"

"Chai au maji, shemeji?"

Nilikunywa maji yake kwa mkupuo, nikamwambia yeye ni kichwa maji, nikaondoka.

Jumamosi saa nane mchana nilikuwa nimeshakaa kiti cha mbele kabisa. Ukumbi ulijaa viti vya plastiki, na waliokosa viti wakaegemea madirisha. Jukwaani palikuwa na meza moja: katikati Mkuu wa shule, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, kulia kwake Mchungaji, kushoto Mwalimu wa Fasihi, binti mdogo wa miaka thelathini hivi ambaye alijitolea kukitetea kitabu. Shemeji aliwekwa kiti peke yake, pembeni, mikono mapajani. Nakala za kitabu zilikuwa zimepangwa mezani. Niliitazama migongo yake. Ilikuwa imenyooka, kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Mchungaji alianza, na nilikuwa nimeshajitayarisha kumchukia, lakini mtu yule hakunipa nafasi. Alizungumza taratibu.

"Sina ugomvi na joka," akasema. "Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nilipenda majoka, na mama yangu alinichapa kwa kuyachora kwenye Biblia." Watu wakacheka. "Wala sina ugomvi na mtu kubuni nchi yake. Tatizo langu ni moja. Mwandishi amechukua mkate uliomegwa. Amechukua marafiki kumi na wawili, na mmoja msaliti. Amechukua siku tatu. Vyote hivyo si vyake, ameazima. Mtu akiazima koti langu simkatalii. Ila alirudishe zima."

"Kwani limechanika wapi?" Mwalimu wa Fasihi akadakia.

"Nitafika hapo."

"Basi mimi niseme kabla hujafika." Binti yule alisimama. "Mfano si pacha, Mchungaji. Mbeba maji hasemi popote kwamba yeye ni Mungu. Anaogopa. Anatoroka mara mbili. Anamdanganya bibi yake. Mwokozi wa hadithi za kubuni hatufundishi nani wa kumwabudu. Anatufundisha kumtambua mtu anayebeba gharama yetu, ili siku tukimwona jikoni kwetu au darasani kwetu tusimpite kama mlango."

"Na mtoto atajuaje tofauti?" mzazi mmoja akauliza kutoka nyuma. "Mwanangu ameniambia mbeba maji ni Yesu mwenye panga."

"Hana panga," mtoto akasema kwa sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikasimama. "Mbona kila anayekufa kwa ajili ya wenzake mnamwita Yesu? Mama zetu je? Waliotuzaa wakafia huko huko hospitalini, nao wameazima koti?"

"Mama, subiri zamu yako," Mkuu wa shule akasema.

"Sina zamu, mimi ni fundi tu," nikasema, nikakaa. Lakini nilimwona Mchungaji akiandika neno kwenye karatasi yake, na nikajua nimemgusa.

Alipopewa nafasi tena alinijibu kwa heshima. "Mama pale mbele amesema kweli. Wapo wengi waliokufa kwa ajili yetu, na kila mmoja wao ana kivuli cha yule ninayemhubiri. Hilo nalikubali. Ndiyo maana nasema tatizo si kifo, na wala si mkate. Tatizo ni mpangilio. Mbeba maji wa kitabu hiki anatoka kisimani na jua mkononi, anakula na marafiki zake, wanafurahi, halafu baada ya furaha yote hiyo anasalitiwa, anatupwa kisimani, anakufa. Kitabu kimeisha. Giza. Amefufuka kwanza ndipo akafa, na safari hii hakutoka tena. Mtoto akikifunga kitabu hiki amejifunza kwamba ufufuo ni mapumziko mafupi. Hapo ndipo koti limechanika. Na mtu aliyelichana hivyo kwa makusudi, mimi siwezi kumwachia watoto."

Mwalimu wa Fasihi aliruka juu. "Lakini hapo ndipo penye ufundi! Waokozi wote wa hadithi hizi wanakufa bila kujua watafufuka, au wanajua na hivyo hawapotezi kitu. Huyu ameonja uzima kwanza. Ameiona asubuhi, ameijua ladha yake, na bado anashuka kisimani mara ya pili akijua hakuna wa kumtoa. Niambieni, kuna sadaka kubwa kuliko hiyo? Mwandishi ameugeuza mpangilio ili tushtuke!"

Watu walipiga makofi. Na mimi nikapiga, nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa kuwa alikuwa anamtetea shemeji yangu na alikuwa anasema vizuri. Nilikuwa katikati ya makofi akili iliponifikia. Anafufuka kabla ya kufa? Kwa hadithi ipi? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakunja mashuka. Mdogo wangu alimshika mtu shati ili kijana yule atolewe kisimani, na kijana akatoka, na baada ya hapo hapakuwa na kitu kingine.

Mkuu wa shule akachukua nakala, akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti ili bodi iwe na kumbukumbu. "Maji yakamfunika mbeba maji, na juu ya kisima wakaweka jiwe. Hakuna aliyelia, kwa kuwa hakuna aliyeona."

Ule haukuwa mwisho. Ile ilikuwa sura ya pili kutoka mwisho, sura nzima katika mkunjo wake, na baada yake ulipaswa kuja mkunjo wa kumi na tano. Fungu la kumi na nne na la kumi na tano. Nilikuwa nimeyapishanisha. Mia tatu. Vitabu mia tatu, kwa mkono wangu, kila kimoja kimeshonwa imara kabisa ili kosa lisitoke milele.

Nikamtazama shemeji. Alikuwa tayari ananitazama. Akatikisa kichwa kidogo sana, kulia na kushoto: usiseme. Hapo ndipo nikaelewa kurasa zile alizokuwa akizigeuza mbele na nyuma mezani kwangu. Alijua tangu siku ya kwanza. Alisimama pale na mwisho aliouomba mke wake umepinduliwa mkononi mwake, akaniambia kazi nzuri.

Mchungaji naye alikuwa amemgeukia. "Mwalimu, tumekusikia kupitia wengine. Sasa wewe. Nijibu neno moja tu, nami nitakuamini. Ulikusudia kitabu kiishie pale?"

Shemeji kimya.

"Ukisema hukukusudia, mambo yanabadilika. Ulikusudia?"

Kimya. Mikono mapajani, macho sakafuni. Ukumbi mzima unamngoja, kazi yake inaning'inia, nyumba inaning'inia, na mtu hafumbui kinywa. Niseme ukweli, sikuguswa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Anajifanya nani huyu? Ameshtakiwa mbele ya wakuu na hajibu neno! Ameandika mwokozi, sasa anataka kuwa yeye, na eti anayeokolewa ni mimi?

Sikumbuki nilivyopanda jukwaani. Hasira ndiyo iliyonipandisha. Nilijikuta mbele ya meza, kitabu kimoja mkononi. "Nipeni mkasi."

"Mama..." Mkuu wa shule alianza.

"Mkasi, mama. Au kisu. Kitabu hiki nimekishona mimi, na nitakifumua mimi."

Mwalimu wa Fasihi akaniletea mkasi kutoka kwenye mkoba wake. Shemeji akasimama. "Shemeji, tafadhali, acha."

"Kaa chini!" nikamwambia, na akakaa. Nikalichana jalada. Watu wakaguna, na mimi moyoni niliguna kuliko wao. Nikatafuta uzi kwa kidole, nikaukata, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka mikunjo miwili ya mwisho ikaachia na kubaki viganjani mwangu. "Sikilizeni. Kitabu hakina namba za kurasa, mwandishi hakutaka, na kosa hilo ni lake. Lakini ndani ya kila mkunjo kuna namba ya fundi. Anayeshona ndiye anayepanga, na anayepanga hapa ni mimi. Huu uliokaa mwisho ni wa kumi na nne. Huu uliokaa kabla yake ni wa kumi na tano. Niliipishanisha. Mbeba maji anakufa, kisha anafufuka, kama watu wote wanaofufuka. Hakuna ufundi hapo, hakuna kufuru. Kuna mimi tu."

Pakazuka zogo. Mkuu wa shule akagonga meza. Mchungaji alisubiri watulie, kisha akanigeukia, bila ubaya, lakini bila kuniachia. "Mama, wewe ni shemeji yake. Utanisamehe. Mtu akitaka kumnusuru ndugu yake anaweza kusema lolote. Umesema kuna namba. Tusomee."

Ni haki yake. Ningekuwa yeye ningeuliza hivyo hivyo. Nikaufungua mkunjo, nikauinua karibu na uso. Nikausogeza mbali. Nikaugeuzia upande wa dirisha. Palipokuwa na namba palikuwa na ukungu, ukungu ule ule uliokuwa pale mezani siku ya kupanga, na mwezi ule wote, na mwaka uliopita pia. Nyuso naziona. Milango naiona. Vitu vidogo viliondoka kimoja kimoja na sikumwambia mtu, kwa sababu fundi asiyeona namba anapewa kiti cha kupumzikia na ua siku ya kuagwa, halafu meza anapewa mwingine. Ningeweza kubahatisha. Nilijua ni namba gani, si nimetoka kuzitaja? Ningesema "kumi na nne" kwa sauti kavu na hakuna ambaye angejua kama nimeisoma au nimeikariri.

Lakini Mchungaji angeuchukua, angesoma mwenyewe, angejua tu kwamba namba ipo. Asingejua kwa nini mtu wa miaka thelathini na mmoja kazini amekosea kitu ambacho hata anayejifunza kazi hakosei. Na asipojua kwa nini, asingeniamini, na mimi nisingemlaumu.

"Sizioni," nikasema.

"Unasemaje, mama?"

"Sizioni. Namba hizo sizioni. Hata siku ile sikuziona. Niliyapanga mafungu kwa kufuata yalivyoletwa, na nilipochanganyikiwa nikabahatisha, kwa sababu niliona aibu kuuliza." Sauti yangu ilifika mpaka kwenye madirisha. Mimi sauti haijawahi kunitoka ndogo, hata ninapoitaka ndogo. "Haya, soma wewe mwenye macho."

Mchungaji hakuuchukua mkunjo. Mkuu wa shule ndiye aliyeinuka, akavaa miwani yake ya kamba, akainama juu ya mikono yangu. Alichukua muda. "Kumi na nne," akasema. Akafungua ule mwingine. "Kumi na tano." Kisha akausoma ule wa kumi na tano mpaka mwisho, kwa sauti, bila kuombwa. Kijana alitoka kisimani. Jua lilikuwa mkononi mwake. Marafiki walikula naye, na sentensi ya mwisho ilisema tu kwamba wote waliona.

Mchungaji alikunja karatasi yake ya hoja mara mbili, akaitia mfukoni. "Mimi nafuta maneno yangu," akasema. "Ninabaki na neno dogo kuhusu mkate, lakini hilo mimi na mwandishi tutalimaliza kwa chai." Mwalimu wa Fasihi alikuwa bado ameshika mkunjo uliofumuliwa. "Nichekeni tu," akasema, "lakini mimi ule mwisho mwingine niliupenda." Watu wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi. Bodi haikuhitaji hata kupiga kura. Mkuu wa shule aliuliza kama kuna anayepinga, na hakuna mkono ulioinuka.

Watu wakaanza kutoka. Shemeji akaja mpaka niliposimama. Macho yalikuwa mekundu, na mimi sikumwonea huruma hata chembe.

"Nani alikutuma?" nikamuuliza.

"Wangekuondoa kwenye meza ile, shemeji. Meza ile ndiyo wewe."

"Na wewe wangekuondoa kwenye nyumba ya mdogo wangu!"

"Mimi ningepata shule nyingine."

"Mwongo. Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Ulitunga uzi mara nne, haukuingia."

"Mara tano," nikasema. "Sasa nisikilize vizuri. Siku nyingine ukitaka kunifia, uniulize kwanza. Nina mdomo. Naweza kusema hapana, na naweza kusema asante, lakini uniulize."

"Nimekosa. Samahani."

"Na usiniombe samahani! Mimi ndiye niliyekuharibia kitabu." "Tutavifumua vyote," nikasema. "Wino atasoma namba. Nitashona mimi."

"Vyote mia tatu?"

"Mia mbili na tisini na tisa. Hiki nimeshakianza."

Taa za jukwaani zikazimwa. Niligeuka nishuke, nikasimama. Ngazi zilikuwa za saruji, zote rangi moja na sakafu, na sikuona inapoishia moja na kuanzia nyingine. Nilipanda bila kuziona, lakini kushuka kulinishinda. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikishika kuta, nikijifanya natazama picha, nikingoja watu watangulie. Yeye alikuwa ameshashuka, amesimama chini, ananitazama, na safari hii hakunipa mkono. Alisimama tu. Alikuwa ananingoja niseme.

"Shemeji," nikamwita. "Ngapi?"

"Nne."

"Njoo unishike. Na uzihesabu kwa sauti."

Akapanda, akanishika kiwiko. "Moja," akasema, nami nikashusha mguu.